Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini mwenyeji yu wapi?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu methali hii bila ya kuitilia shaka, nikiieleza kama kila mwalimu aielezavyo: kwamba ujio wa mgeni ni heri, maana siku hiyo kuku huchinjwa na hata watoto wa nyumbani hupata kushiba. Mnamo Juni 2025 nililala usiku tisa katika nyumba ndogo ya kupendeza mjini Lisbon, Ureno, na tangu nirejee nimekuwa nikijiuliza swali ambalo methali yenyewe haikuona haja ya kulijibu. Huyo mwenyeji anayetarajiwa kupona ni nani hasa?

Nilikuwa nimekwenda huko kuhudhuria kongamano la wanaisimu. Badala ya hoteli nilichagua fleti katika mtaa wa Mouraria, kwenye mteremko wa kilima chenye ngome ya São Jorge, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kitovu cha kale cha jiji. Ilikuwa na chumba kimoja, jiko dogo na bafu lisiloweza kumruhusu mtu mnene kugeuka. Hata hivyo, kila kitu kilikuwa kimewekwa mahali pake kwa ustadi. Ukuta mmoja ulikuwa umekwanguliwa lipu, mawe yake ya kale yakaachwa wazi. Nyuma ya sinki palikuwa na vigae vya buluu na nyeupe. Dirisha lilitazama paa za vigae vyekundu zilizoshuka hatua kwa hatua kuelekea mtoni Tagus. Sitaki kumdanganya msomaji: niliipenda nyumba ile, na usingizi nilioupata humo sijaupata katika hoteli yoyote.

Kwa mtu wa kazi yangu, nyumba yenyewe ilikuwa somo. Niliandikia kwenye meza, ambayo Mreno huiita mesa. Nilinywa maji kwa kopo, nalo kwao ni copo. Kichwa nilikilaza juu ya mto wenye foronya, ambayo asili yake ni fronha, na nilipofungua dirisha niliiona bendera, bandeira yao, ikipepea juu ya jengo la serikali. Karne mbili za Wareno katika pwani yetu zilituachia maneno ya vitu vya nyumbani, pamoja na neno gereza, ambalo kwao lilikuwa igreja, yaani kanisa. Nilijiona kama mtu aliyekuja kuzuru nyumba ya mkopeshaji wake wa zamani.

Lakini hakuna aliyenikaribisha. Ufunguo niliukuta ndani ya kisanduku kidogo cha chuma kilichotundikwa mlangoni, nikakifungua kwa nambari za siri nilizotumiwa katika simu. Maelezo ya namna ya kuwasha jiko yalikuwa yamebandikwa ukutani katika lugha nne. Kwa usiku tisa sikumwona mwenye nyumba, wala sikusikia sauti yake. Wala sina malalamiko, kwa kuwa kila nilichoahidiwa nilikipata.

Usiku wa pili nilipokea ujumbe kutoka Mombasa. Aliyeniandikia alikuwa mtoto wa ami yangu, na habari yenyewe ilihusu nyumba ya marehemu babu yetu iliyoko Kibokoni, katika Mji wa Kale. Nyumba hiyo ina warithi wengi, nami ni mmoja wao, ingawa fungu langu ni dogo. Paa lake linavuja, na baadhi ya boriti za mikoko zinazobeba dari ya ghorofa ya juu zimeoza. "Ndugu yangu," aliandika, "wewe ndiwe uliyesoma, na twasikia sasa umelala katika nyumba kama hizo za wageni. Tutumie picha tuone zilivyo. Hapa wenzako wataka tuigeuze nyumba yote, juu na chini, tupangishe kwa usiku."

Juu na chini, alisema. Huko chini anaishi mama mmoja aliyeingia humo na mumewe zaidi ya miaka 30 iliyopita. Mumewe alikwisha kufariki dunia. Kila alfajiri mama huyo huketi barazani akauza mahamri na mbaazi, na kodi anayotulipa kwa mwezi mzima, nilipopiga hesabu kitandani mwangu, ilikaribia sana bei niliyotozwa mimi kwa usiku mmoja tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniondolea usingizi, maana niliielewa kutoka pande zote mbili. Nilikuwa mrithi mwenye paa linalovuja, na wakati huohuo nilikuwa mgeni aliyeilipa bei ile pasipo kunung'unika.

Siku ya nne, jioni, nilisikia mlango ukibishwa. Alikuwa bibi mzee wa ghorofa ya tatu, kavaa aproni, kashika ukuta. Kireno changu ni cha vitabuni, lakini nilielewa alichokitaka. Mtungi wake wa gesi ulikuwa umekwisha, na mpya ulikuwa umeletwa ukaachwa chini ya ngazi. Je, ningeweza kumpandishia? Niliubeba, na nilipoufikisha alinikalisha kwenye kiti cha jikoni akanipa kikombe cha kahawa. Akaniambia kwamba katika jengo lile, ambalo zamani lilikuwa na familia katika kila mlango, mwenyeji aliyebaki ni yeye peke yake. Zamani mtungi ukiisha alimwita kijana wa jirani kwa jina lake. Siku hizi hubisha mlango wowote anaosikia sauti nyuma yake, na kila mara hulazimika kujieleza upya, kwa kuwa aliyemsaidia mara iliyopita amekwisha kuruka na ndege. Kisha aliniuliza swali ambalo nadhani huwauliza wote: "Unaondoka lini?"

Ikumbukwe kwamba hali hii haikuletwa na pepo. Ilitokana na maamuzi ya watu, na maamuzi hayo yana tarehe. Mwaka 2011 Ureno, ikiwa imelemewa na madeni, ilikubali mkopo wa euro bilioni 78 kutoka kwa washirika wake wa Ulaya na Shirika la Fedha Duniani. Wakenya tunaifahamu vyema mikopo ya aina hii na masharti yanayoambatana nayo. Miongoni mwa masharti ya Ureno lilikuwamo la kulegeza sheria za upangaji wa nyumba, na sheria mpya ikapitishwa mwaka 2012. Mwaka uo huo serikali ilianza kuwapa vibali vya ukaazi raia wa nje ya Umoja wa Ulaya walionunua majumba ya thamani kubwa. Mwaka 2014 sheria nyingine ilirahisisha usajili wa nyumba za kulaza wageni kwa muda mfupi. Wakati huo kampuni ya Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, ilikuwa imekwisha kuifanya kazi ya kumtafuta mgeni wa mbali kuwa jambo la kubonyeza simu tu. Mpangaji wa zamani akaondolewa kinga, mwenye nyumba akafunguliwa njia, na mgeni akaletwa mlangoni. Mambo matatu hayo yalipokutana, mtu hakuhitaji kuwa mwanauchumi ili atabiri matokeo.

Haki inanilazimu pia kuusema upande wa pili. Kabla ya mwaka 2012, kodi za nyumba nyingi kongwe za Lisbon zilikuwa zimezuiliwa kupanda kwa miongo mingi. Kodi ikiwa ndogo mno, mwenye nyumba hana cha kutengenezea paa, na majengo mengi katika mitaa ya kale yalikuwa yakiporomoka. Fedha za wageni ndizo zilizoyainua mengi kati ya hayo. Aidha, idadi ya wakazi wa jiji ilikuwa ikipungua hata kabla ya wimbi la watalii: sensa ya mwaka 1981 ilihesabu watu zaidi ya 807,000, na ile ya mwaka 2021 ikahesabu zaidi kidogo ya 545,000. Wengi walihamia vitongojini wakitafuta nyumba pana. Anayesema kwamba mgeni peke yake ndiye aliyeufukuza mji hasemi kweli. Lililo kweli ni kwamba mlango uliofunguka haukurudishiwa mkazi, bali uliwekewa kisanduku cha nambari za siri.

Ureno yenyewe imehangaika kutafuta dawa. Mwaka 2018 mabaraza ya miji yalipewa uwezo wa kuweka mipaka, na kabla ya mwaka kwisha jiji la Lisbon lilisimamisha usajili mpya katika mitaa ya Alfama, Mouraria, Castelo, Bairro Alto na Madragoa, ambako nyumba za wageni zilikuwa zimepita robo ya makao yote. Mwaka 2023 serikali ya António Costa ilisimamisha usajili mpya wa fleti hizo katika sehemu kubwa ya nchi. Mwaka uliofuata serikali ya Luís Montenegro iliondoa zuio hilo na kuyarudishia mabaraza uamuzi. Katika nchi jirani ya Uhispania, meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza mwezi wa Juni 2024 kwamba leseni zote 10,101 za fleti za watalii jijini humo hazitahuishwa zitakapomalizika mwezi wa Novemba 2028. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, mnamo Machi 2025, iliikubali sheria ambayo uamuzi huo umejengwa juu yake.

Msomaji atambue mtiririko wa mambo hayo. Katika kila hatua, sheria ilifika baada ya mkazi kuondoka. Kusimamisha usajili mpya mtaani Mouraria hakukumrudishia yule bibi jirani hata mmoja. Kulizuia tu idadi ya milango aliyokwisha kuipoteza isiongezeke.

Hapa ndipo ninapoomba ruhusa ya kuondoka katika uwanja wa wanauchumi na kurejea kwenye uwanja wangu. Hilo jina Mouraria lina maana ya mtaa wa Wamuri, yaani Waislamu. Mfalme Afonso Henriques alipouteka mji wa Lisbon mwaka 1147, Waislamu waliobaki walitengewa upande ule wa kilima. Waliishi hapo kwa zaidi ya karne tatu. Mnamo Desemba 1496 Mfalme Manuel aliamuru Wayahudi na Waislamu ambao hawangekubali Ukristo waondoke nchini. Miezi michache baadaye, Julai 1497, mfalme huyohuyo alimtuma Vasco da Gama baharini, naye akafika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Wamuri walikwenda zao, jina la mtaa wao likabaki. Leo limechapishwa kwenye ramani za watalii, nami nililiandika katika fomu ya uhamiaji nilipoulizwa nitalala wapi.

Wanaisimu tunalijua jambo hili vizuri: jina la mahali huweza kuishi muda mrefu sana baada ya watu waliolitamka. Ndiyo sababu jina si ushahidi wa uhai. Ukuta nao si ushahidi wa uhai. Kinachoupa mtaa uhai ni mambo yasiyoweza kusajiliwa: nani humwita nani, kwa jina gani, na kwa sauti ya namna gani. Kijana aliyeitwa abebe mtungi alijifunza namna ya kumwitikia mzee. Mzee naye alijua ya mama yake kijana, na alipokuwa akingoja kahawa ichemke alimsimulia habari ambayo kitabu hakina. Lugha hurithishwa kwa njia hiyo. Darasani huongezewa tu adabu ya kuandikwa.

Kuna methali nyingine isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huifasiri kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naona ina hekima pana zaidi. Jembe ni njia ya kumwingiza mgeni katika jamii. Akishalishika ana shamba, ana jirani, ana deni la msaada na la salamu, na baada ya muda hawi mgeni tena. Katika nyumba ya kupangisha kwa usiku, siku ya tatu haifiki kamwe. Mgeni wa Jumatatu akiondoka Jumatano, mwingine huingia, naye yuko katika siku yake ya kwanza. Mtaa mzima hukaa katika siku ya kwanza mwaka hata mwaka, wala hapatokei mtu wa kupewa jembe.

Na isidhaniwe kwamba nawasema wageni kwa ugeni wao. Mouraria yenyewe ina wahamiaji wengi kutoka Bangladesh, India, Nepal, Uchina na kwingineko. Nilinunua ndizi na pilipili kwa mmoja wao kila jioni. Siku ya tatu alinijua, na siku ya tano alinikopesha sarafu niliyopungukiwa. Watoto wake huzungumza Kireno cha mtaani kama walivyozungumza watoto waliokuwapo kabla yao. Huyo amekuja kutoka mbali kuliko mtalii wa Paris, lakini ameshika jembe, naye ni jirani. Tofauti iliyo muhimu, basi, haimo baina ya mzawa na mgeni, bali baina ya akaaye na apitaye.

Kwa nini mambo haya yamhusu mwalimu wa Lamu, Kisumu au Nyeri? Yanamhusu kwa kuwa nasi tumekwisha kuingia safarini. Wakenya wengi huziita nyumba hizi Airbnb, hata zile zisizopangishwa kupitia kampuni hiyo, na jina la kampuni likigeuka kuwa nomino ya kawaida katika vinywa vya watu, hiyo ni dalili kwamba jambo lenyewe limeota mizizi. Mnamo Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika fleti za aina hiyo jijini Nairobi, taifa zima lilisimama likazungumza, na serikali ikawataka wenye nyumba hizo wajisajili. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini mjadala wetu uliishia kwenye usalama na ushuru. Hatujauliza nyumba hizo zinafanya nini kwa mtaa zinamosimama.

Swali hilo ni zito zaidi katika miji yetu ya kale. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Sifa iliyoupatia heshima hiyo haikuwa milango ya nakshi na kuta za matumbawe pekee. Ulisifiwa pia kwa kuwa ni mji wa Waswahili ambao watu hawajaacha kuishi ndani yake kwa zaidi ya miaka 700. Lakini tangu miaka ya 1970 nyumba kadha wa kadha za mawe, huko Lamu na hasa Shela, zimenunuliwa na wageni wa kutoka Ulaya, na nyingine zimekuwa za kulaza watalii. Nyingi zimetengenezwa kwa uzuri usio na kifani. Usiku wa msimu mbovu, hata hivyo, mwenye nyumba akiwa kwao na mgeni hayupo, uzuri huo hauwaki taa.

Mombasa nako, msomaji akitoka Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, ataingia katika barabara iitwayo Ndia Kuu. Naomba walimu walisimamie jina hilo kidogo. Kiswahili Sanifu husema njia. Kimvita husema ndia, kama isemavyo Kiamu, na kama lahaja hizo zisemavyo mato badala ya macho, na mtele badala ya mchele. Kiswahili Sanifu, ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikijenga juu ya msingi wa Kiunguja, kina shule, kamusi, mitihani na magazeti kama hili. Kimvita na Kiamu hazina mtihani. Shule yake ni baraza, ngazi, kisima na mama auzaye mahamri. Mwalimu anayehangaika kuwafafanulia wanafunzi wake beti za Muyaka wa Mvita anajua jinsi ilivyo kazi kuifundisha lahaja kwa mtu asiyepata kuisikia. Tukiwaondoa wenye kuisema katika mitaa yao, tukawatawanya katika vyumba vya kupanga nje ya kisiwa, kibao cha Ndia Kuu kitabaki ukutani na watalii watakipiga picha. Kitakuwa Mouraria yetu, jina lisilo na watu wake.

Nitaulizwa, basi tufanyeje? Sipendekezi kwamba wageni wazuiwe. Boriti iliyooza haitengenezwi kwa mapenzi ya lugha, na familia iliyo na nyumba kongwe lakini haina fedha ina haki ya kula kutokana na mali yake. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika mitaa ya kale, leseni ya kulaza wageni ipewe mtu anayeishi katika jengo lilelile, yeye au ndugu yake. Pili, serikali za kaunti ziweke kikomo kwa kila mtaa, si kwa mji mzima, kwa kuwa mji huweza kuonekana umejaa watu ilhali mtaa mmoja ndani yake umekwisha kufa. Tatu, sehemu ya ada inayotozwa nyumba hizo itengwe kwa ajili ya kuwakopesha wenyeji fedha za ukarabati, ili mtu asilazimike kuuza au kumfukuza mpangaji kwa sababu ya paa.

Lakini yote hayo yahitaji idadi, na hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu wa Lamu na Mombasa. Watumeni wanafunzi wenu wakahesabu. Kila mmoja achukue mtaa mmoja, aandike milango mingapi ina wenyewe, mingapi ina wapangaji, mingapi ina wageni wa usiku, na mingapi imefungwa. Aandike pia lugha na lahaja aliyojibiwa kwayo alipobisha hodi. Kazi hiyo itawafunza takwimu, insha na isimujamii kwa pamoja, na ikirudiwa kila mwaka, kaunti zitakuwa na jambo ambalo Lisbon ililihitaji kabla ya mwaka 2014, yaani kujua ni lini mkazi ameanza kuondoka.

Nami nilimjibu mtoto wa ami yangu. Nilimtumia picha, kwa kuwa aliziomba, na sikuzificha zile nzuri. Nikamwandikia kwamba fungu langu la nyumba ya babu, hata likiwa dogo, nalitoa kwa sharti moja. Ghorofa ya juu itengenezwe na ipangishwe kwa wageni. Mmoja wetu aishi katika chumba cha kati, apokee mgeni kwa mkono wake na kumpa ufunguo. Mama wa chini abaki alipo, kwa kodi anayoimudu, na baraza iwe yake alfajiri. Fedha zitakuwa pungufu. Boriti zitachukua muda mrefu zaidi kulipiwa. Baadhi ya ndugu zangu hawakufurahi, na mmoja aliniambia kwamba ni rahisi kuitetea lahaja ukiwa na mshahara. Sikuwa na jibu la kumshinda, maana alisema kweli. Hatimaye wamekubali tujaribu kwa mwaka mmoja, kisha tukae tupige hesabu.

Katika neno mwenyeji, sikio langu husikia mwenye na mji. Mwenye mji si lazima awe na hati ya nyumba. Yule bibi wa ghorofa ya tatu hakuwa na hati ya jengo lile, wala mama wa mahamri hana hati ya nyumba ya babu yangu. Lakini ni wao watakaomwambia mgeni ndia yaelekea wapi. Mgeni na aje, basi, na mwenyeji apone. Ila tuhakikishe kwamba atakapobisha hodi, ndani mna mtu wa kumwitikia karibu.